Salamu ya Kwenye Kanda

Mwaka ule Bariadi kila mtu alikuwa anauza kitu. Ushirika haukuwa tena mnunuzi pekee wa pamba, na maduka ambayo zamani yalikuwa na sabuni ya foleni sasa yalipanga sabuni za rangi zote hadi mtu anasimama mbele yake akikuna kichwa. Mitumba ilimwagwa chini kwenye maturubai. Wenye soda, wenye dawa za panya, wenye baiskeli za kutoka ng'ambo, wote walikuwa wanaita wateja kwa midomo yao wenyewe, na ikifika saa tisa, nusu ya mji imekauka koo. Ndiyo maana Kija aliliona jambo hili kuwa wazi kama jua: penye wauzaji wengi kiasi hiki hapakosi mtu anayehitaji sauti nzuri ya kumsemea.

Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba kilicho wazi kwake kiko wazi kwa wenzake.

Alikuwa mama wa mtoto mmoja, Joyness, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kukaa bila kuegemezwa. Mumewe, Limbu, alikuwa fundi cherehani kwenye baraza ya duka karibu na stendi. Kabla tumbo halijawa kubwa Kija alikuwa anasoma masomo ya jioni, pamoja na watu wazima waliokuja darasani moja kwa moja kutoka kazini wakiwa na vumbi la unga kwenye nyusi. Ilipofika zamu ya kusoma kwa sauti, mwalimu alizoea kumpa kitabu yeye, na waliokuwa wanasinzia waliamka. Siku moja mwalimu akamwambia kwamba huko Dar na Mwanza redio za watu binafsi zimeanza, na kuna watu wanaishi kwa kusoma matangazo ya biashara, wanalipwa sauti tu, hata sura zao hazijulikani. Alisema hivyo kama mtu anayepita njia. Kija alikwenda nayo nyumbani, akalala nayo, akajifungua nayo.

Basi akaanza. Redio kaseti ilikuwa ya Limbu, aliyoinunua kabla hawajaoana. Kija alitega saa za mchana Joyness akiwa amelala, akajifunika blanketi zito yeye na redio pamoja ili kelele za nje zisiingie, akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, akasoma. Chini ya lile blanketi kulikuwa na joto la kuivisha viazi. Akipata sentensi mbili nzuri, jogoo wa mwenye nyumba anawika. Jogoo akinyamaza, mashine ya kusaga inawashwa. Mashine ikizimwa, Joyness anaamka, na analia kwa namna ya kuonyesha kwamba alikuwa anasubiri zamu yake. Hata hivyo kanda ilipatikana. Ndani yake alikuwa ametangaza duka ambalo halipo, lenye vitenge ambavyo havipo, kwa sauti ambayo yeye mwenyewe alipoisikiliza aliona haya, kwa jinsi ilivyompendeza.

Alianza na Violeth, mwenye duka la vitenge. Violeth alisikiliza huku akipima yadi, akasema sauti ni tamu, lakini vitenge vyake vinaonekana kwa macho, sasa sauti ya nini? Wakala wa mabasi akataka aje apige kelele stendi alfajiri, bure kwanza, halafu wataona. Nyanda, mwenye kibanda cha video, alikuwa anatafuta mtu wa kueleza picha kwa Kiswahili wakati watu wanapigana mateke kwenye kioo, ila alitaka mwanaume, kwa sababu, alivyosema, mwanamke akisema "nitakuua" watu watacheka. Karani mmoja wa kanisani akamshauri ajiunge na kwaya. Huyo alimuudhi kuliko wote, maana alimshauri kwa upole.

Kila jioni Kija alirudi na mtoto mgongoni na kanda kwenye mkoba, na kila jioni Limbu aliuliza kwa macho tu, akajibiwa kwa macho.

Mwishowe akampata mtu wa kusikiliza kweli. Marcelo aliuza pembejeo, majembe na pampu za kupulizia dawa ya pamba, na alitaka tangazo la kupiga dukani na kwenye mnada. Alimwandikia Kija mambo ya kusema. Kija akarekodi siku nzima, lakini betri zilikuwa zimechoka, na kwa kuwa hakutaka kumwomba Limbu nyingine alizianika juani juu ya bati kama watu wanavyofanya, akazirudisha, zikashika. Akasikiliza kwa betri zilezile, kila kitu kikawa sawasawa.

Kwa Marcelo redio ilikuwa ya umeme. Kanda ilipowashwa, ikatoka sauti ya mtoto aliyebanwa pua, inakimbia na majembe na pampu kama inafukuzwa na nyuki. Wabeba mizigo waliacha magunia wakashika matumbo. Kija alielewa palepale, betri dhaifu zilikuwa zimezungusha mkanda polepole wakati anarekodi, na sasa umeme unauzungusha inavyotakiwa. Alijaribu kueleza. Lakini nani anasikiliza maelezo ya mkanda wakati mkanda wenyewe unachekesha? Marcelo alimtazama Joyness aliyekuwa anachungulia begani kwa mama yake, akauliza kama ni huyu ndiye aliyetangaza.

Jioni ile alimkuta Limbu na ujumbe. Mama yake Limbu, Kwandu, alikuwa amemtuma mtu kutoka kijijini Migato. Pamba imepasuka shamba zima limekuwa jeupe, mikono haitoshi, na mke wake anafanya kazi gani huko mjini? Limbu alikuwa amejibu kwamba anatafuta wateja wa sauti. Mjumbe, ambaye alikuwa anamjua vizuri Kwandu, alitabasamu akasema jibu la bibi tayari analo mdomoni: "Sauti? Kwani kuna asiye nayo?"

Limbu hakuwa mtu wa kugomba. Alishona kidogo, akakata uzi kwa meno, akasema wafanye hivi: kama ununuzi wa pamba utafunguliwa na Kija bado hajapata hata mteja mmoja, aende Migato na mtoto akasaidie. Kija alikubali. Wote wawili walijua kwamba anayekwenda Migato kuchuma pamba hubaki kupura mtama, anayebaki kupura mtama hukuta msimu wa kulima, na redio ingerudi chini ya kitanda kukusanya vumbi pamoja na madaftari ya masomo ya jioni.

Alikuwa amebakiwa na mlango mmoja wa kugonga. Maganga alikuwa mnunuzi binafsi mwenye ghala barabara ya Dutwa, na alikuwa amefunga spika mbili za honi juu ya pikapu yake. Kila mtu alijua atahitaji tangazo la kuzungusha vijijini kuwaambia wakulima mizani yake itafunguliwa lini na wapi. Kila mtu alijua pia kwamba kazi hiyo ni ya Constantine. Constantine alitangaza mpira, alitangaza harambee, alitangaza misiba mikubwa, na alikuwa na rafiki Mwanza mwenye mtambo wa kutia mwangwi. Lakini Kija alikwenda, na Maganga, mtu mnene asiyependa kukataa wala kukubali, akasema alete kanda, watasikia.

Safari hii alinunua betri mpya kwa kuuza sufuria yake moja. Akaamua pia aanze tangazo kwa salamu, kwa Kisukuma, maana wasikilizaji wangekuwa watu wa vijijini. Alirekodi mara nyingi asubuhi ile, asiridhike. Salamu ilitoka kama ya mtu wa benki. Akiwa amechoka, akasogea kumfunika mtoto, akajikuta amepiga magoti, na katika magoti yale akasema, "Ng'wangaluka," kama anavyomwamkia mkwe asubuhi. Sauti ikashuka yenyewe, ikakaa mahali pake. Akacheka peke yake chini ya blanketi. Kumbe mwili wake haukujua kusalimu kwa kukaa.

Akafungulia redio asikilize. Upande wa pili wa ukuta alikaa Milembe, bibi mjane ambaye wapangaji wote walimwita mayu, mama. Kanda ikasema, "Ng'wangaluka," na Milembe akaitikia kwa sauti kutoka kwake, "Ng'wangaluka, mhola," akaanza kueleza hali ya mguu wake. Kanda haikumsubiri. Ikaendelea moja kwa moja na mizani ya Maganga.

Kidogo mlango ukasukumwa. Milembe alisimama pale na fimbo yake, hasira zimemjaa.

"Unanisalimu, nakujibu, unanikatiza," alisema. "Nimekukosea nini, mama Joyness?"

Kija alimwonyesha redio, akaeleza kuwa si yeye, ni kanda. Milembe aliitazama redio bila huruma.

"Basi na hiyo uifundishe adabu," akasema, akaondoka, na kesho yake alipita mbele ya mlango akiwa ametazama pembeni.

Lilimuuma Kija, maana bibi huyo ndiye aliyekuwa akimshikia Joyness anapokwenda kisimani. Lakini akiwa kwenye maumivu hayo ndipo alipoanza kufikiri. Yule bibi alijibu. Miezi yote hii watu wamesikiliza sauti yake kama wanavyosikiliza mvua, na huyu mmoja alimjibu, akaudhika kwa sababu hakungojwa. Kwao mtu hasalimiwi akaachwa hewani. Akiulizwa hali, lazima apewe nafasi ya kuisema. Kija akarudi chini ya blanketi, akapiga magoti, akasalimu, akanyamaza. Mkanda ukazunguka mtupu. Alimpa muda mtu wa kufikirika aseme mhola, ni salama, aseme na watoto hawajambo, ndipo akaendelea na pamba.

Maganga aliposikiliza alifikiri kanda imekatika. Alipoambiwa ni makusudi, akakunja uso. Yeye analipia maneno, si ukimya. Hata hivyo, kwa ile tabia yake ya kutokubali wala kukataa, akasema siku ya mnada wa Dutwa watazipiga zote mbili, ya Constantine na ya Kija, na atakayeshika watu ndiye atakayepewa msimu.

Siku ya mnada Kija alipanda nyuma ya pikapu na Joyness, na Constantine akakaa mbele na Maganga na dereva, Masele. Ng'ombe walikuwa wameshafika, vumbi limesimama, wauza nyama wamewasha moto. Kanda ya Constantine ilianza. Ilikuwa kazi safi, ukweli lazima usemwe. Muziki uliingia, mwangwi ukapanda, "Wakulima, wakulima, wakulima," mpaka mbuzi wakageuza shingo. Watu hawakugeuza. Hawakuchukia, hawakufurahi, walipita kando yake kama wanavyopita kando ya mashine ya kusaga. Lakini Constantine hakuwa na haraka. Kila Masele alipotaka kubadilisha alisema bado kidogo, mnada haujajaa. Ikapigwa, ikarudiwa, ikarudiwa tena. Kija alikaa nyuma juu ya tairi la akiba, jua linampiga, mtoto ananyonya na kuacha. Watu wakala, ng'ombe wakauzwa, vivuli vikageuka upande wa pili. Ndipo Maganga akasema, haya, weka na ya binti.

"Ng'wangaluka," spika zikasema.

Mwanamke aliyebeba sinia la nyanya alifungua mdomo kuitikia, kisha akatazama juu kulitafuta jua. Salamu ile ni ya asubuhi, na mchana ulikuwa umeshapinda. Kija alikuwa ameirekodi akiwaza pikapu inaondoka alfajiri, hakuwaza kabisa kwamba kanda haijui saa. Na mbaya zaidi ukafuata ule ukimya, ukimya wake mwenyewe aliousuka kwa uangalifu, sasa umesimama juu ya mnada mzima kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Mzee mmoja mwenye baiskeli akauliza kwa nguvu huyo mama amelala wapi hadi aamke saa hizi. Kicheko kikapasuka kutoka kwenye nyama choma hadi zizini.

Maganga akamfanyia Masele ishara, kanda ikazimwa.

"Binti," alisema bila kugeuka, "umenifanya nionekane sijui hata saa."

Constantine alitoa kichwa dirishani. Hakuwa mkali, alikuwa anafurahi tu. "Msamehe, mzee. Dada yetu alilala na kanda, ikachelewa kumwamsha."

Kija alimvuta Joyness karibu. Alijichukia kwa namna ambayo hakuwahi kujichukia, hata kwa Marcelo. Kule ilikuwa betri. Hapa ilikuwa yeye, Msukuma wa kuzaliwa, ameshindwa kusalimu. Aliiona Migato yote mbele yake, mistari ya pamba isiyo na mwisho, na mama mkwe akimpokea mtoto bila neno, na hilo lingekuwa neno lenyewe. Akaanza kufunga kanga vizuri ili ashuke arudi kwa miguu.

Ndipo alipowatazama watu, na akaona kwamba walikuwa bado wamesimama. Walikuwa wanacheka, lakini walisimama. Yule wa nyanya alikuwa ametua sinia. Yule wa baiskeli alikuwa ameshuka kwenye baiskeli. Walikuwa wamesalimiwa, vibaya kweli, lakini wamesalimiwa, na aliyesalimiwa haondoki kabla ya kusikia aliyemsalimu anataka nini.

"Sasa mama," mzee wa baiskeli akamwita, "umeshatuamsha. Unasemaje?"

Kija alimwomba Masele kipaza sauti. Masele alimtazama Maganga, Maganga akatazama watu, akainua bega moja. Waya ukapitishwa kwenye dirisha la nyuma. Kija akapiga magoti palepale kwenye bodi ya pikapu, mtoto mgongoni.

"Ng'wadila," akasema. Hiyo ndiyo ya mchana.

Akangoja. Jibu lilikuja, kwanza la mzee mmoja, kisha la wanawake wa nyanya na dagaa, kisha likaja kwa pamoja kama ng'ombe wanaovuka mto. Akawaambia aliyeamka asubuhi ni kanda, yeye mwenyewe yuko macho. Wakacheka tena, ila kicheko hiki kilikuwa na yeye ndani. Akawaeleza mizani ya Maganga, mahali na siku, na mtu yeyote aje na macho yake aisome mwenyewe. Alikuwa anaendelea vizuri mpaka Joyness alipokishika kipaza sauti akalia humo, na Dutwa nzima ikamsikia. Mwanamke mmoja akamwambia amnyonyeshe kwanza, pamba haikimbii. Akamnyonyesha, na watu wakamsogelea Maganga kuuliza habari za mizani.

Wakarudi Bariadi. Walipofika ghalani Maganga alitoa uamuzi wake, na ulikuwa kama yeye mwenyewe, nusu na nusu. Mjini na barabara kuu ni ya Constantine, alishamwahidi. Vijiji vya ndani, Dutwa hadi Migato, ni vya Kija. Alitaka awe anapanda kwenye gari na kusema kwa mdomo, lakini Kija alikataa, maana ana mtoto mdogo, na kazi anayoitafuta ni ya sauti, si ya kuzunguka na vumbi.

"Nitakupa kanda mbili," alisema. "Ya asubuhi na ya mchana. Masele atazame jua."

Maganga alifikiri, akakubali, kisha akaongeza sharti lake. Ule ukimya aupunguze. Betri ya gari haichoshwi ili kutangaza hewa. Kija alitaka kubishana, akakumbuka huyu ndiye mteja pekee aliye naye duniani, akapunguza. Aliurekodi upya ukawa wa pumzi moja tu. Alipousikiliza ulimkereketa kama kijiwe ndani ya kiatu, lakini akazikabidhi kanda, na siku ununuzi ulipofunguliwa hakwenda Migato. Ilikwenda sauti yake.

Masele aliporudi kutoka huko alipitia kwenye baraza ya Limbu, vumbi limemkaa hadi kwenye kope. Kija alikuwa pale, amemkalisha Joyness juu ya vipande vya vitambaa. Limbu akasimamisha cherehani. Masele akasema watu wamekuja kwenye mizani, wengi, Maganga amefurahi kwa jinsi anavyojua kufurahi. Halafu akasema kuna bibi mmoja Migato aliyetoka shambani na pamba kwenye kanga, akasimama mbele ya gari asilipe njia. Alikuwa Kwandu. Aliitambua sauti kwenye neno la kwanza, akawatangazia majirani kwamba huyo ni mke wa mwanawe.

"Amekutumia maneno," Masele akamwambia Kija.

"Amesemaje?"

"Amesema: mwambie ameharakisha. Mimi nilikuwa sijamaliza kujibu."

Limbu aliangalia chini kuficha uso. Kija akambeba mtoto, akamuuliza Masele lini gari linarudi tena Migato. Masele akasema kesho kutwa. Limbu akauliza, na ule ukimya ukirudi, Maganga atasema nini. Kija alikuwa tayari ameanza kuondoka. Akajibu bila kugeuka kwamba Maganga akae asikilize, atajifunza, akaenda zake nyumbani kutoa blanketi.